Uzi: Plasma ya mtumba inchi 50 kwa bei ya LED mpya inchi 32, nichukue au niache?

#1 Mtazamaji wa Tabata
Wakuu, habari. Duka moja la mitumba ya Ulaya lina plasma ya inchi 50, na bei yake ni sawasawa na LED mpya ya inchi 32. Matumizi ni mpira na muvi za usiku, sebule ya kawaida, umeme wa LUKU. Wapo wanaosema picha ya plasma LED za bei hiyo haziigusi, na wapo wanaosema ni jiko la umeme lililotundikwa ukutani. Wanaozijua hizi mashine wamwage faida na hasara. Naomba namba.

#2 Kipima Volti
Namba hizi hapa. Plasma ya inchi 50 ikionyesha mpira, uwanja wa kijani unaong'aa, inakula wastani wa wati 250. LED ya inchi 32 inakula wati 45 hivi. Ukitazama saa 6 kwa siku kwa siku 30:

Plasma: 250 × 6 × 30 ÷ 1,000 = uniti 45.
LED: 45 × 6 × 30 ÷ 1,000 = uniti 8 hivi.

Tofauti ni uniti 37 kila mwezi. Piga kwa Sh 350 kwa uniti, unapata kama Sh 13,000 kwa mwezi, zaidi ya Sh 150,000 kwa mwaka. Kama uko kwenye lile kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, TV peke yake imeshakula 45. Zinabaki 30 za friji, taa na pasi, na ukivuka kikomo bei ya uniti inapanda. Hapo ndipo watu wanapoumia bila kujua kilichowaumiza.

#3 Nyati wa Kusini
Mkuu #2 hesabu yako ni safi, ila unalinganisha inchi 50 na inchi 32. Weka LED ya inchi 50 yenye wati 100, tofauti inashuka hadi uniti 27.

Halafu wati za plasma hazisimami mahali pamoja. Kila seli kwenye kioo inawaka yenyewe, kwa hiyo sehemu nyeusi ya picha haili karibu chochote. Muvi yenye giza inaweza kukaa wati 120 hadi 150. Skrini ikiwa nyeupe yote ndipo inapanda, na hapo TV yenyewe hupunguza mwanga ili isivuke uwezo wa bodi ya pawa. Ndiyo maana tangazo lenye mandhari meupe kwenye plasma linaonekana limefifia. Siyo ugonjwa, imeundwa hivyo.

Kuhusu picha, mambo matatu. Kwanza weusi: LED za dukani ni LCD, zina taa nyuma inayowaka muda wote na kioo kinajaribu kuizuia, plasma inazima seli. Pili pembe: kaa pembeni kabisa mwa sebule, rangi hazibadiliki. Tatu mwendo: mpira ukipigwa krosi hauachi mkia wa ukungu kama kwenye LED za bei ya chini. Kwa mtu wa mpira na muvi za usiku, hizo ndizo sababu.

#4 Binti Chang'ombe
Mchana je? Sebule yenye dirisha kubwa, plasma ni kioo kitupu mbele, unajiona mwenyewe kuliko unavyomwona mchezaji. Hapo LED inashinda bila mjadala.

Na kingine, nasikia ile gesi ndani inaisha baada ya miaka mitano na hakuna anayejaza. Kweli?

#5 Fundi Bodi Kumi
#4, suala la mwanga wa mchana uko sahihi kabisa. Pazia zito au usinunue.

La gesi si kweli. Ndani ya paneli kuna mchanganyiko wa neoni na zenoni uliofungwa kati ya vioo viwili. Umeme ukipita, zenoni inatoa miale ya urujuanimno, miale inapiga fosfori nyekundu, kijani na bluu, nazo ndizo zinazotoa mwanga tunaouona. Gesi haitumiki ikaisha. Kinachochakaa ni fosfori, na ya bluu hutangulia. Watengenezaji wa miaka ya mwisho walitangaza saa 60,000 hadi 100,000 kabla mwanga haujashuka nusu. Hata ukichukua 60,000, kwa saa 6 kwa siku ni zaidi ya miaka 25. Bodi zitakufa kabla ya fosfori.

Gesi inatoka kwa njia moja tu, kioo kikivunjika au kile kimrija kikikatika. Nyuma ya paneli, pembeni karibu na kona, kuna kimrija kidogo cha kioo kilichotumika kutoa hewa na kuingiza gesi kiwandani, kisha kikazibwa kwa moto. Mtu akifungua mfuniko wa nyuma na kukigonga na bisibisi, paneli imekufa palepale. Hakuna wa kujaza mtaani, hapo umesema kweli.

#6 Mjukuu wa Njombe
Ongezeni mwinuko wa mahali, wakuu, maana huku nyanda za juu hili ndilo linaloamua. Gesi ya ndani iko kwenye mgandamizo ulio chini ya hewa ya nje. Pwani hewa inavikandamiza vioo viwili vishikane na kingo za seli zilizo katikati. Ukipanda mlima hewa ya nje inapungua nguvu, vioo vinalegea kidogo, na kila mpigo wa umeme unavitetemesha. Matokeo ni mlio wa nyuki, unaopanda kila picha inapong'aa. Miongozo ya plasma nyingi za Samsung huandika zisitumike zaidi ya mita 2,000. Njombe mjini tuko jirani kabisa na kikomo hicho. Muuza duka wa Kariakoo hawezi kukwambia, maana dukani kwake mlio haupo.

#7 Kapchorwa wa Eldoret
Wadau, #6 amesema kweli tupu. Huku Eldoret tuko kama mita 2,100 na plasma zinavuma, hasa zile za zamani. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800, huko nyingi ziko sawa ingawa ukizima sauti utasikia kamlio. Ukinunua Luthuli Avenue na unapeleka Nyahururu, jua sauti utakayoisikia dukani siyo utakayoisikia nyumbani. Fundi hawezi kuitengeneza hiyo, hakuna bodi iliyoharibika.

#8 Kipima Volti
Siyo kila mlio ni mlima. Kuna plasma ziko Dar, mita chache juu ya bahari, na zinavuma vizuri tu. Mlio unaweza kutoka kwenye koili na transfoma za bodi ya pawa, au kwenye bodi za kuendesha paneli ambazo zinakata volti karibu 200 mara maelfu kwa sekunde. Gundi ya koili ikikauka, koili inalia.

#9 Fundi Bodi Kumi
Kuzitofautisha: weka picha nyeusi kabisa, kisha nyeupe kabisa, sauti ikiwa sifuri. Mlio ukija na nyeupe tu na ukausikia kutoka mbele kwenye kioo chote, ni paneli. Ukiusikia nyuma, sehemu moja, tafuta koili. Mlio usiobadilika hata picha ikiwa nyeusi, mara nyingi ni pawa.

#10 Kapchorwa wa Eldoret
Hapo kwa nyeupe na nyeusi sikubaliani kabisa. Picha nyeupe inaongeza mzigo kwa bodi ya pawa vilevile, kwa hiyo koili nayo italia zaidi kwenye nyeupe. Kipimo chako kinakamata upande mmoja tu.

#11 Fundi Bodi Kumi
Ndiyo maana nikataja mahali sauti inapotokea. Chukua mrija wa plastiki, upande mmoja sikioni, mwingine usogeze nyuma ya TV kwenye matundu ya hewa bila kugusa kitu. Utajua.

#12 Mkaa Unguja
Sisi wa visiwani mlima hatuna, tuna chumvi. Hewa ya bahari inakula miguu ya viunganishi na zile tepe zinazotoka bodi kwenda kwenye kioo. Plasma ina matundu mengi nyuma kwa ajili ya joto, kwa hiyo chumvi, vumbi na unyevu vinaingia bila hodi. Vumbi lenye unyevu juu ya bodi za bafa, zile zinazogawa umeme kwenye mistari ya kioo, penye volti 200, linapitisha umeme na bodi inapasuka kwa cheche.

Halafu mijusi. Nyuma ya plasma hubaki pa joto kwa muda hata ikishazimwa, mjusi anaingia kutafuta mende, anakanyaga pini mbili kwa pamoja. Ukifungua unakuta amekauka palepale kwenye bodi, mkia upande mmoja wa fyuzi na kichwa upande wa pili. Wavu mwembamba wa mbu wa nailoni juu ya matundu unasaidia, mradi uusafishe kila mwezi usizibe hewa.

#13 Nyati wa Kusini
Wavu unaongeza joto, mkuu. Plasma inatoa wati 250 za joto, ukipunguza hewa kidogo tu kapasita zinaumia. Bora uiache sentimita 10 kila upande, uzime swichi ya ukutani usiku, upige dawa ya mende.

#14 Mkaa Unguja
Dawa ya mende nyumba ya pwani? Njoo ukae wiki moja masika utanieleza. Wavu unabaki.

#15 Mtazamaji wa Tabata
Asanteni, nasoma kila kitu. Swali: kwa nini plasma nyingi mtaani zimekufa? Kila fundi anataja sababu yake.

#16 Kipima Volti
Umeme kukatika na kurudi. Ukirudi unarudi na mruko wa volti, na bodi ya pawa ya plasma ndiyo inayopokea pigo la kwanza. Weka kilinzi cha TV chenye kuchelewesha angalau sekunde 30 kabla ya kuruhusu umeme, cha ampea 5 kwenda juu. Usitumie vile vidogo vya redio.

#17 Fundi Bodi Kumi
Mruko unaua baadhi. Zinazofika mezani kwa mafundi nyingi zimekufa kwa mambo mengine. Kwa ufupi wa dalili:

TV haiwaki, au inabofya bofya "ta, ta, ta" kisha inazima, au inachukua dakika kadhaa kuwaka ikiwa ya baridi: angalia kapasita za bodi ya pawa. Kichwa cha kapasita kikiwa kimevimba, hata kidogo, imekwisha. Mahali palipowekwa 1000µF ya volti 10, weka 1000µF ya volti 16 au 25, ya joto la nyuzi 105. Hii ndiyo ajali nafuu kuliko zote.

Sauti ipo, picha hakuna, skrini nyeusi: shuku bodi ya Y, ile inayozilisha bafa na kuwasha seli. Kwa LG inaitwa Y-SUS, kwa Samsung Y-Main, kwa Panasonic SC. Panasonic ikigoma hupepesa taa nyekundu, hesabu mipepeso. Mara 7 kwa kawaida inaelekeza upande wa SC.

Mkanda mweusi wa mlalo, au mistari ya mlalo: bafa. Mistari au mkanda wa wima: tepe za chini zenye chipu, au bodi inayozilisha. Tepe ikiwa imeungua kwenye kioo, mwisho wake ni huo, haibadilishwi mtaani.

Kosa ambalo mafundi wengi hulifanya: wanabadilisha Y bila kupima bafa. Bafa yenye shoti inaiua Y mpya sekunde ileile inapowashwa. Chomoa bafa, zipime na maltimita kwanza, ndipo uwashe.

Na tafadhali, kabla ya kugusa chochote: chomoa waya, subiri, pima kapasita kubwa ya pawa. Inaweza kushika volti karibu 400 muda baada ya kuchomoa. Itoe chaji kwa balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa waya mbili. Usitumie bisibisi. Hapa hakuna cha ubabe.

#18 Kapchorwa wa Eldoret
Naongezea: Vs, ile volti kuu inayowasha seli. Kuna lebo imebandikwa juu ya paneli yenyewe, nyuma, inaandika volti zinazotakiwa: Vs kati ya 180 na 210 hivi, Va kati ya 50 na 75, na nyingine. Kila paneli ina zake. Ukibadilisha bodi ya pawa bila kurekebisha Vs ifike namba ya lebo, picha inajaa vidoti vya rangi kama mchanga kwenye sehemu za giza. Watu wanaitupa TV wakidhani kioo kimekufa, kumbe ni kuzungusha kirekebishi volti mbili tatu.

#19 Nyati wa Kusini
Vidoti hivyo si lazima viwe Vs. Paneli iliyozeeka hutaka volti kubwa kidogo kuliko lebo ndipo seli zote ziwake, kwa hiyo unaweza kuwa umeweka kamili ya lebo na bado mchanga upo.

#20 Fundi Bodi Kumi
Au mawimbi ya bodi ya Y yameharibika umbo, na bila osiloskopu hutajua. Zote tatu zinatoa sura moja.

#21 Kipima Volti
Turudi kwa mtoa mada. Nasisitiza umeme mdogo nao ni adui. Jioni mitaa mingine volti inashuka hadi 170. Bodi ya pawa ikipokea volti ndogo inavuta ampea zaidi ili itoe wati zilezile, vipande vya kukata umeme vinachemka, ndipo kapasita zinavimba. #17 anaona kapasita iliyovimba anasema kapasita, mimi nauliza nani aliipika.

#22 Mkaa Unguja
Joto la chumba ndilo lililoipika. Paa la bati, hakuna dari, TV imesukumwa ndani ya kabati. Ipe stebilaiza ya bei yoyote, kapasita zitavimba tu.

#23 Mama wa Kigamboni
Habari zenu. Mnazungumza bodi, mimi naomba mtu azungumzie logo kuganda. Watu wa chaneli moja kutwa nzima, plasma haiwafai.

#24 Nyati wa Kusini
Kweli, ila tenganisha vitu viwili. Kuna kivuli cha muda: ubao wa magoli unabaki unaonekana kidogo baada ya mechi, ukitazama kitu kingine kinachotembea unaondoka. Na kuna kuungua kwa kudumu: fosfori ya pale penye logo imechakaa kuliko majirani zake, haitarudi.

Kinga: kontrasti isikae 100, iweke 60 hadi 75 usiku. Washa ile huduma ya kusogeza pikseli kwenye menyu. Usitazame picha ya 4:3 yenye mikanda myeusi pembeni kwa saa nyingi, ijaze skrini. Dekoda ikikwama kwenye menyu, zima TV. Kama kivuli kipo tayari, cheza muvi ya skrini nzima kwa saa kadhaa au tumia ule mwambaa mweupe unaopita kulia kushoto uliomo kwenye menyu ya TV nyingi.

Mashabiki wa Simba na Yanga wanaorudia mechi moja wiki nzima ubao ukiwa palepale kona ya juu, nyie ndio mnaoua plasma.

#25 Mama wa Kigamboni
Yanga wana kitu cha kurudia, wengine wanarudia nini? 😀 Ila asante, la 4:3 ni jipya kwangu.

#26 Kapchorwa wa Eldoret
Na wauzaji wa mitumba wanalijua hilo. TV zilizotoka hotelini, viwanja vya ndege na baa za Ulaya zimeonyesha kitu kimoja saa 18 kwa siku. Dukani wanakuwekea video ya samaki wa rangi inayotembea haraka, alama huioni. Nenda na flashi yenye picha za 1920×1080: nyeupe tupu, kijivu tupu, nyekundu, kijani, bluu, nyeusi. Kijivu ndicho kinachofichua alama za logo. Rangi moja moja inaonyesha seli zilizokufa. Nyeusi inaonyesha zile zinazowaka bila ruhusa.

Kama TV haina USB ya picha, nenda na kisanduku cha android au laptopu na waya wa HDMI.

#27 Fundi Bodi Kumi
Nyongeza kwa #26, kwa mtu anayekwenda dukani:

Gusa nyuma kabla hawajaiwasha. Ikiwa ya moto, wamekuwashia mapema kuficha ugonjwa wa kapasita. Mwambie utarudi jioni, isiwashwe.

Ikae imewaka nusu saa. Bafa na Y mbovu nyingi huonyesha mistari zikishachemka.

Jaribu kila soketi ya HDMI. Sauti, rimoti, swichi ya pembeni.

Saa za matumizi: Samsung nyingi za zamani, ikiwa imezimwa kwa rimoti, bonyeza Mute, 1, 8, 2, Power, inaingia menyu ya ufundi. Soma saa, toka. Usibadilishe kitu chochote humo, namba moja ikihama TV inaweza isiwake tena.

Soma lebo ya umeme. Ikiandikwa 120V 60Hz pekee, ni ya Marekani. Utahitaji transfoma ya kushusha ya angalau VA 1,000, na hiyo nayo inakula na inavuma. Achana nayo.

#28 Kipima Volti
Na wati zipime mwenyewe ikifika nyumbani, usiamini lebo maana lebo ni kilele. Zima kila kitu, acha TV peke yake. Kwenye mita kuna taa nyekundu inayopepesa na maandishi kama 1000 imp/kWh. Hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso, gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 12 ni wati 300, sekunde 18 ni wati 200. Kama mita imeandikwa 1600, gawa 2,250. Fanya mechi ikiendelea, kisha muvi ya usiku, upate picha kamili.

#29 Binti Chang'ombe
Wauzaji wanasema "600Hz Full HD". LED zina 60. Hiyo nayo ni faida?

#30 Nyati wa Kusini
600 ni jinsi plasma inavyochora. Seli ya plasma haijui kuwaka nusu, ni kuwaka au kuzima. Kwa hiyo kila fremu inakatwa vipande vidogo 10, na mwanga unapatikana kwa idadi ya mipigo. Fremu 60 kwa sekunde mara vipande 10 ni 600. Kwa mfumo wa 50, vipande 12. Haipokei fremu 600 kutoka kwenye dekoda. Inasaidia mwendo, lakini usiilinganishe na 100 au 120 ya LED, ni vipimo viwili visivyokutana.

#31 Kapchorwa wa Eldoret
Na Full HD soma namba ya modeli. Plasma nyingi za inchi 42 na 43, na hata za 50 na 51 za daraja la chini, ni pikseli 1024×768. LG 50PN4500 na Samsung za familia ya E450 ziko hapo. Kwa dekoda ya kawaida hutaona shida ukikaa mita tatu. Ukiunganisha kompyuta, maandishi yatakuchosha.

Kuijua kama ni plasma kweli: Samsung zinaanza na PS au PN, zenye UE, UN, UA ni LED. LG namba ya inchi ikifuatwa na P ni plasma, ikifuatwa na L ni LCD. Panasonic ni hivyohivyo, P na L: TX-P plasma, TX-L LCD.

#32 Mtazamaji wa Tabata
Nimepita dukani tena. Ni LG 50PT350. Lebo inasoma 100–240V. Nilimwomba asiiwashe, amekubali.

#33 Nyati wa Kusini
Basi inayo P, ni plasma, 1024×768, kizazi cha 2011. Volti iko sawa. Chukua kama kijivu kitatoka kisafi.

#34 Fundi Bodi Kumi
Kabla ya kuchukua fikiria spea. Panasonic ilifunga uzalishaji wa plasma Desemba 2013, Samsung na LG zikafuata 2014. Pioneer na Kuro zake, ambazo weusi wake ulikuwa kipimo cha wenzake wote, ilitoka mapema zaidi. Maana yake bodi mpya hakuna, kuna bodi zilizotolewa kwenye TV zenye vioo vilivyovunjika. Kwa bahati LG na Samsung za mtaa huu ni nyingi, mizoga ipo. Andika namba iliyo kwenye bodi yenyewe, ile ndefu ya EBR kwa LG. Namba ya TV haikutoshi, modeli moja ilitoka na paneli zaidi ya aina moja.

#35 Mama wa Kigamboni
Na kuibeba?

#36 Mkaa Unguja
Isimame wima muda wote, kioo kisilale. Kioo ni kikubwa na chembamba, kikilala kwenye bodaboda ya matairi matatu kila shimo la barabara linakikunja katikati. Watu wawili, mikono chini kwenye kona, usikamate fremu ya juu. Bajaji haifai, tafuta kirikuu, ifungwe kwenye ukuta wa gari na godoro katikati. Ikishafika iache ipoe au ipate joto la chumba kabla ya kuiwasha, hasa kama imenyeshewa.

#37 Binti Chang'ombe
Nina jirani anataka plasma kwenye sola. Betri moja ya 100Ah.

#38 Kipima Volti
Hapana. Wati 250 pamoja na upotevu wa inveta ni kama 285, gawa kwa volti 12 ni ampea 24. Betri ya risasi ukiitumia nusu ili isife ni 50Ah, saa mbili tu. Mechi moja na uchambuzi. Na inveta iwe ya wimbi safi la wati 1,000, zile za wimbi la ngazi zinaifanya bodi ya pawa kuvuma. Kwenye sola chukua LED ya volti 12 moja kwa moja.

#39 Kapchorwa wa Eldoret
Nimeona mtu pengine ameandika kwamba OLED imemaliza hoja zote za plasma. Kwa weusi ni kweli, kila pikseli inajiwasha kama plasma na umeme ni mdogo. Lakini logo inaungua vilevile, na bei yake haiko kwenye mjadala wa mtu anayechagua kati ya mtumba na inchi 32.

#40 Nyati wa Kusini
Kwa mwendo bado nasema plasma. OLED inashikilia fremu hadi nyingine ije, jicho linaona ukungu. Plasma inapiga mwanga na kuzima.

#41 Kapchorwa wa Eldoret
Plasma nayo ina mkia wa kijani na njano nyuma ya vitu vyeupe vinavyokimbia kwenye giza, fosfori ya kijani inachelewa kuzima. Tazama maandishi ya mwisho ya muvi yakipanda juu utaona.

#42 Nyati wa Kusini
Kwenye maandishi ya mwisho, ndiyo. Kwenye nyasi haupo.

#43 Fundi Bodi Kumi
Mtoa mada, ukienda kuijaribu hiyo 50PT350, omba wafungue mfuniko wa nyuma mbele yako. Angalia vitu vitatu: kapasita za pawa, hasa zilizo karibu na hitisinki (vyuma vya kupoza), bodi ya Y upande mmoja na bafa zake kama kuna alama ya kulehemu upya au gundi nyeupe iliyomwagwa ovyo, na tepe za chini kama kuna iliyokunjwa au yenye doa la kahawia. Ukikuta Y imelehemiwa, uliza nani aliitengeneza na kama bafa zilipimwa. Piga picha za namba za bodi uziweke hapa kabla hujatoa hela.